Jibu Lililopo Lisiloonekana: Uhakiki wa Uhifadhi na Utafutaji wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umeelekezwa kwa muda mrefu kwenye uundaji: nani aunde, kwa mbinu zipi na kwa kasi gani. Makala haya yanahakiki upande ulioshughulikiwa kidogo, yaani namna istilahi zilizokwisha kuundwa zinavyohifadhiwa na jinsi mhitaji anavyozifikia. Kwa mifano kutoka nyanja za teknolojia, afya na utawala, tunadai kwamba maswali mengi ya istilahi yanayoulizwa leo yalikwisha kujibiwa, ila majibu yake hayaonekani kwa sababu nne: yamepangwa chini ya majina ambayo mhitaji hayajui, hayaonyeshi hadhi yake, hayaelezi sababu zake, na hayatajwi mipaka yake ya matumizi. Makala yanapendekeza daftari moja la kikanda la istilahi ambalo linaanzia kwenye swali la mhitaji na ambalo humpa mtumiaji sauti katika kuamua kama swali limekwisha.

Maneno muhimu: istilahi, usanifishaji, kidahizo, hadhi ya istilahi, Jumuiya ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Usanifishaji wa Kiswahili ulianza kama kazi ya kujibu maswali. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilitakiwa kuamua tahajia ipi na msamiati upi utumike katika vitabu vya shule za maeneo yote manne. Kazi hiyo ilirithiwa na chombo cha utafiti kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, kisha mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria. Kuanzia miaka ya 1970 BAKITA limetoa orodha za istilahi zinazojulikana kwa jina la Tafsiri Sanifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, nayo ilichapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 1992 ukatoka mwongozo wa Tumbo-Masabo na Mwansoko kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili. Anayesema kwamba Kiswahili hakijashughulikiwa katika uwanja huu hajatazama rafu za maktaba.

Hata hivyo, karibu kila kongamano la Kiswahili husikia tena lalamiko lilelile: istilahi hazipo. Lalamiko hili halipaswi kubezwa, kwa kuwa linatoka kwa watu walio kazini. Mfasiri aliyeko Kampala au Kigali hukutana na dhana katika waraka wa serikali, hufungua kamusi mbili au tatu, hakuti kitu, au hukuta maneno mawili yasiyopatana wala kuelezana. Waraka unasubiriwa, naye huunda neno lake. Neno hilo huingia katika waraka rasmi, na mfasiri wa Bujumbura anayekutana na dhana ileile mwezi unaofuata hufanya vivyo hivyo. Baada ya muda dhana moja ina majina manne, na kila jina ni ushahidi wa swali lililojibiwa mara nne na watu wasioonana.

Uzito wa jambo hili umeongezeka katika miaka ya karibuni. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mwaka huohuo wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua kwamba Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kama lugha ya kazi, na Baraza la Mawaziri la Uganda likakiidhinisha kuwa lugha rasmi. Neno linalotumika katika hukumu au katika mkataba lina madhara kwa haki na mali za watu. Kutofautiana kwa istilahi, ambako darasani ni kero ndogo, kunakuwa hatari mahakamani.

2.0 Jibu lililofichwa nyuma ya jina lake

Tuanze na mpangilio. Kamusi ya lugha moja huorodhesha maneno kwa alfabeti na kuyaeleza. Mpangilio huo unamfaa msomaji aliyekutana na neno asilolijua maana. Mhitaji wa istilahi ana tatizo la kinyume: anaijua dhana, ila halijui jina. Ili alipate neno kishikwambi katika kamusi, lazima awe amekwisha kulijua neno kishikwambi. Jibu limewekwa mahali ambapo ni yule asiyelihitaji tu anayeweza kulifikia.

Orodha za lugha mbili zilikusudiwa kuziba pengo hili, na kwa kiasi zimefanikiwa. Lakini karibu zote huanzia kwenye Kiingereza. Kwa watumiaji wa Tanzania, Kenya na Uganda hilo halina shida kubwa. Kwa mfasiri wa Goma, Lubumbashi au Bujumbura, lango hilo limefungwa, kwa sababu waraka ulio mezani kwake umeandikwa kwa Kifaransa. Anayeanzia kwenye mot de passe hana njia ya moja kwa moja ya kulifikia neno nywila, mpaka kwanza apite kwenye password. Jumuiya yenye nchi wanachama 8, ambamo Kongo na Burundi zinatumia Kifaransa katika shughuli za serikali, haiwezi kuendelea na mlango mmoja.

Lipo lango la tatu linalosahaulika kabisa, nalo ni majina yaliyoshindwa. Tuchukue kompyuta. Katika vitabu na magazeti yetu tumewahi kusoma tarakilishi, hasa upande wa Kenya, na ngamizi, neno lililopendekezwa zamani kidogo. Matumizi mapana yameliteua kompyuta. Lakini mwanafunzi anayekutana na ngamizi katika kitabu cha zamani anahitaji kuongozwa hadi kwenye kompyuta, na mwalimu aliyezoea tarakilishi anahitaji kujua kwamba hajakosea Kiswahili, ila ametumia jina ambalo halikuenea. Watengenezaji wa programu za kompyuta wana desturi inayofaa kuigwa hapa: tatizo likiripotiwa mara ya pili kwa maneno mengine, ripoti ya pili haifutwi. Hufungwa na kuunganishwa na ile ya kwanza, ili yeyote atakayetumia maneno yale mengine afike kwenye suluhisho lilelile. Orodha zetu hufuta. Istilahi iliyoshindwa hutoweka katika toleo linalofuata, na pamoja nayo hutoweka njia ya kila aliyeizoea.

3.0 Majibu yasiyo na hadhi

Mhitaji akifanikiwa kulifikia neno, swali la pili humkabili: neno hili limekwisha kukubaliwa, au ni pendekezo la mtu mmoja? Orodha nyingi haziwezi kumjibu. Pendekezo la kamati, uamuzi wa baraza, neno la mwandishi wa kamusi na neno lililookotwa magazetini huchapishwa kwa herufi za ukubwa uleule, safu moja, bila alama.

Mfano ulio hai ni dhana ya uwezo wa mashine kufanya kazi zinazohitaji fikra. Leo yanazunguka majina matatu: akili mnemba, akili bandia na akili unde. Yote yanasomeka katika vyombo vya habari, katika hotuba na katika maandiko ya kitaaluma. Kila moja lina mantiki yake. Bandia linaeleweka papo hapo, ila linabeba maana ya kitu cha kughushi, kama katika noti bandia au dawa bandia. Unde linachota kwenye kitenzi unda na kusisitiza kwamba akili hiyo imetengenezwa. Mnemba linahitaji kufafanuliwa kwa wasemaji wengi, na kwa sababu hiyohiyo linaweza kupewa maana mahususi bila kugongana na matumizi ya kila siku. Msomi anaweza kufurahia mjadala huu. Mshauri wa sera anayeandika rasimu ya sera ya taifa hana nafasi hiyo: anahitaji kujua, siku anapoandika, neno lipi limeidhinishwa, na nani, na kama nchi jirani zinalitambua.

Wenzetu wameshughulikia jambo hili bila kuzuia mjadala. Hifadhi ya istilahi ya Umoja wa Ulaya, IATE, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2007, huweka kwa kila istilahi kiwango cha kuaminika, kuanzia neno ambalo halijathibitishwa hadi neno la kuaminika sana, na huweza kuonyesha kwamba neno fulani linapendelewa, linakubalika au limepitwa na wakati. Grand dictionnaire terminologique ya Québec hutenga istilahi zinazopendelewa, zile zinazotumika katika mazingira fulani, na zile ambazo haishauri zitumike. Katika hifadhi zote mbili neno lisilopendelewa linabaki likionekana. Kinachobadilika ni alama iliyo kando yake.

4.0 Uamuzi usio na sababu

Kasoro ya tatu ni ya ndani zaidi. Orodha huhifadhi uamuzi na kuitupa sababu. Kamati inaweza kujadili neno moja kwa saa nzima, ikapima maneno manne, ikakataa matatu kwa hoja nzito. Kitakachochapishwa ni mstari mmoja. Miaka 10 baadaye kamati nyingine, yenye wajumbe wengine, itayapima maneno yaleyale manne kana kwamba hayajawahi kupimwa. Jibu lisilo na sababu huwa jepesi kufunguliwa upya, kwa kuwa hakuna anayejua ni nini kilichokuwa kimelifunga.

Janga la korona lilitupa mifano miwili ya kufundishia. Mwaka 2020 watu walihitaji jina la kifaa cha kufunika mdomo na pua. Barakoa lilikuwapo tayari katika lugha: ni neno la pwani, lenye asili ya Kiarabu, linalotaja kifuniko cha uso kinachovaliwa na wanawake. Maana yake ilipanuliwa, na neno likaenea kwa haraka Tanzania na Kenya kwa pamoja. Sababu ya uteuzi huo ingefaa kuandikwa kama kanuni: kabla ya kuunda, chunguza kwanza hazina iliyopo, zikiwamo lahaja na msamiati wa mavazi, bahari na ufundi. Mfano wa pili ni UVIKO, kifupisho cha ugonjwa wa virusi vya korona. Kiliundwa kwa njia ileile iliyotupa UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Tanzania ilikipokea katika nyaraka za serikali, ilhali katika mazungumzo ya watu wengi wa eneo hili jina korona liliendelea kutawala. Tofauti ya hatima ya UKIMWI na UVIKO ni swali la utafiti lenye faida kwa kila atakayeunda kifupisho cha ugonjwa ujao. Hatuwezi kulijibu vizuri bila kuwa na kumbukumbu ya hoja zilizotolewa wakati vifupisho hivyo vinapitishwa.

5.0 Jibu sahihi mahali pasipo pake

Kasoro ya nne ndiyo inayohusu zaidi nchi jirani zinazotumia lugha hii kwa pamoja. Neno linaweza kuwa limesanifiwa, linajulikana na lina sababu nzuri, na bado likapotosha kwa kuvuka mpaka.

Tuchukue neno jimbo. Nchini Tanzania, katika lugha ya uchaguzi, jimbo ni eneo linalowakilishwa na mbunge mmoja. Nchini Kenya eneo hilo huitwa eneo bunge, na neno jimbo linakumbusha mfumo wa majimbo wa katiba ya uhuru ya mwaka 1963. Wapo pia wanaolitumia kwa maana ya kaunti. Habari za Kongo huandikwa kwa namna mbili, jimbo la Kivu Kaskazini na mkoa wa Kivu Kaskazini, zikitaja eneo lilelile la utawala. Tukizungumzia Marekani, jimbo ni Texas au California. Waraka wa Jumuiya unaoagiza kwamba "kila jimbo liteue mwakilishi mmoja" ungesomwa kwa namna tatu tofauti Dodoma, Nairobi na Kinshasa, na kila msomaji angekuwa na haki kwa mujibu wa matumizi ya kwao.

Mfano mwingine ni Katibu Mkuu. Katika wizara za Tanzania huyu ni mtendaji mkuu wa wizara. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama ilivyo katika Umoja wa Mataifa, ni mkuu wa sekretarieti nzima. Jumuiya ina kamati ya uratibu inayoundwa na watendaji wakuu wa wizara zinazohusika na masuala ya Jumuiya, na Katibu Mkuu wa Jumuiya yenyewe huhudumia vikao. Taarifa ya kikao inayosema "Makatibu Wakuu walimwagiza Katibu Mkuu" inaeleweka kwa aliyekuwapo ukumbini. Kwa atakayeisoma baada ya miaka mitano ni fumbo. Hapa maswali mawili yamepewa jibu moja, na hakuna orodha inayomwonya mtumiaji.

Mifano hii haidai kwamba nchi zote zilazimishwe kutumia neno moja. Majina ya vyeo na ya maeneo ya utawala yamefungwa na katiba na sheria za nchi husika. Inachodai ni kwamba kila jibu liandikwe pamoja na mipaka yake: uga, nchi na aina ya maandishi.

6.0 Nani anayesema kwamba swali limekwisha?

Hoja mbili za kupinga zinastahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba lugha ni mali ya wasemaji, kwamba soko la matumizi litachuja lenyewe, na kwamba kuyapa maneno alama za hadhi ni kurudisha ukiritimba wa mabaraza. Hoja hii ina ukweli, na historia ya kompyuta inaiunga mkono. Lakini soko huchuja vizuri pale tu ambapo wanunuzi wanaona bidhaa zote. Mfasiri asiyejua kwamba neno limekwisha kuundwa hakulikataa, hakuwahi kuliona. Kushindwa kwa neno lisiloonekana hakutufundishi chochote kuhusu ubora wake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Alama ya "limesanifiwa" inaweza kulifunga swali kabla ya wakati. Jibu baya likipewa muhuri, huwa gumu kuondoa kuliko jibu baya lisilo na muhuri. Tunaikubali hatari hii, na tunaona kwamba inatokana na mazoea ya kuchanganya mambo mawili: swali kuwa limejibiwa, na tatizo kuwa limekwisha. Baraza linaweza kuthibitisha la kwanza. La pili linaweza kuthibitishwa na mwenye tatizo pekee, yaani mfasiri, mwalimu, hakimu, muuguzi, aliyelijaribu neno kazini na kuona kama limebeba mzigo. Katika utaratibu wetu wa sasa, mtu huyu haulizwi. Kamati hupitisha neno, huchapisha orodha, na kazi huhesabiwa kuwa imekamilika.

Kishikwambi linaonyesha mambo yanavyokuwa uthibitisho wa aina zote mbili unapokutana. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022 makarani walikusanya taarifa kwa vishikwambi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Neno lilitumiwa na serikali, na papo hapo likawa mikononi mwa watu waliolihitaji kila siku. Nywila halikupata bahati hiyo: watumiaji wengi wa simu hukutana na nenosiri katika violesura vya kampuni kubwa za teknolojia, na wengine husema neno la siri. Baraza limejibu, watengenezaji wa programu wamejibu, wasemaji nao wamejibu, na hakuna mahali ambapo majibu hayo matatu yamewekwa pamoja ili yapimwe.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo matano, tukianza na lililo jepesi.

Kwanza, orodha zilizokwisha kuchapishwa, zikiwamo matoleo ya Tafsiri Sanifu na kamusi za nyanja maalumu, ziingizwe katika daftari moja la kidijitali kabla ya kuundwa istilahi mpya. Kila dhana ipewe rekodi moja, na majina yote yaliyowahi kupendekezwa, yakiwamo yaliyoshindwa, yaelekezwe huko.

Pili, rekodi ifikiwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na pia kwa maelezo mafupi ya dhana kwa maneno ya kawaida, ili anayejua kazi ya kitu bila kujua jina lake aweze kukifikia.

Tatu, kila jina liwe na hadhi, tarehe na chombo kilichoamua. Hadhi nne zinatosha kuanzia: limependekezwa, limesanifiwa, linatumika nchi fulani, limeachwa. Sababu ya uamuzi iandikwe kwa sentensi mbili au tatu.

Nne, kuwe na nafasi ya uthibitisho wa watumiaji, iliyotengwa na uamuzi wa mabaraza. Neno lililosanifiwa ambalo wafasiri wa mahakama wanaripoti kwamba linawapotosha lirudishwe mezani kwa ushahidi, na historia yake isifutwe.

Tano, daftari liwe chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, KAKAMA, iliyoko Zanzibar, na BAKITA, BAKIZA, CHAKITA na vyombo vya nchi nyingine wanachama viwe na haki sawa ya kuingiza na kutia alama. Kamisheni ihifadhi rekodi na kuonyesha mahali nchi zinapotofautiana. Uamuzi wa neno lipi litumike ndani ya nchi ubaki kwa nchi yenyewe. Bila mgawanyo huu, daftari litageuka uwanja wa kugombea mamlaka na halitadumu.

8.0 Hitimisho

Uundaji wa istilahi una heshima yake: una vikao, wataalamu na uzinduzi. Uhifadhi ni kazi ya kimyakimya, na bajeti za lugha katika kanda yetu huusahau. Matokeo yake ni kwamba tunalipia jibu lilelile mara kadhaa, na bado hakimu wa Mwanza na mfasiri wa Goma wanafanya kazi kana kwamba hakuna aliyewatangulia. Kwa washauri wa sera, kipimo tunachopendekeza ni rahisi. Pindi mradi wa istilahi utakapoomba fedha, usiulizwe tu utaunda maneno mangapi. Uulizwe pia mtu asiyelijua neno hata moja kati ya hayo atayafikia kwa njia ipi.